Yordani Isiwe Mpaka Kati Yetu

Somo: Yoshua 22, mstari wa 9 mpaka wa 34

 

Kabla ya kwenda mbali, tunaomba kila mmoja achukue Biblia yake na kusoma sura hiyo yote, polepole, na kwa sauti kama nyumbani kuna mama mzee ambaye macho yake yamechoka. Ni sura isiyosomwa sana. Watu wanapenda kuta za Yeriko, wanapenda habari ya jua lililosimama juu ya Gibeoni, kiisha wanaruka mpaka mwisho wa kitabu pale Yoshua anapowaaga watu. Katikati kuna majina mengi ya miji na mipaka, na msomaji anasinzia. Lakini baada ya majina yale kuna habari ya makabila mawili na nusu waliokaa ng'ambo ya mto. Sisi wa Kisangani, wenye mto ambao Yordani ikiwekwa pembeni yake ingeonekana kama kijito, tungepaswa kuijua habari hiyo zaidi ya watu wengine wote.

Iko hivi. Watu wa Reubeni na watu wa Gadi waliona nchi ya mashariki ya Yordani kuwa nzuri kwa mifugo yao, wakamwomba Musa wakae huko, na nusu ya Manase wakapewa sehemu huko pamoja nao. Musa alikasirika, maana aliwaza kwamba wanataka kukaa kitako wakati ndugu zao wanakwenda vitani. Soma Hesabu 32. Ndipo wakatoa ahadi: wataacha wake na watoto na ng'ombe huko ng'ambo, na wao wenyewe watavuka na silaha, mbele ya ndugu zao, wala hawatarudi nyumbani mpaka kila kabila lingine limepata sehemu yake. Na kweli walivuka, watu kama elfu arobaini. Tufikiri kidogo juu ya wale mamama walioachwa Gileadi, wakilima peke yao, wakilea watoto peke yao, miaka, ili watu wengine wapate nyumba. Kitabu hakihesabu machozi yao. Vita vilipokwisha Yoshua akawabariki wanaume wale na kuwapa mali nyingi za kurudi nazo.

Walipofika mtoni wakajenga madhabahu, kubwa, ya kuonekana kutoka mbali. Na hapo ndipo shida ilianza. Habari ilifika upande wa pili: wenzetu wa ng'ambo wamejenga madhabahu yao! Mara moja Israeli wote wakakusanyika Shilo ili wapande kupigana nao. Ndugu walewale waliotoka kubarikiwa! Jasho la vita halijakauka mgongoni mwao, na sasa wanaitwa waasi.

Tunashukuru Mungu kwamba katika Shilo walikuwako watu wenye akili, waliosema tutume kwanza watu wakaulize. Wakatumwa Finehasi mwana wa kuhani Eleazari, na wakubwa kumi pamoja naye, mmoja kwa kila kabila. Maneno yao yalikuwa makali, hatuwezi kuficha. Waliwakumbusha dhambi ya Peori, wakawakumbusha Akani. Lakini mstari wa 19 una kitu kimoja kilichotushangaza siku tuliyokisoma vizuri. Finehasi na wenzake waliwaambia wale wa ng'ambo kwamba kama nchi yao inaonekana kuwa najisi, basi wavuke warudi, wapewe mahali kati ya ndugu zao. Yaani walikuwa tayari kugawa tena mashamba yao wenyewe! Walikuja wamekasirika, lakini nyuma ya hasira walibeba shamba mkononi. Mtu akija kukugombeza na ameshakutayarishia mahali pa kulala nyumbani mwake, huyo ni ndugu, msikilize.

Na jibu la wale wa ng'ambo lilikuwa nini? Walisema madhabahu ile si ya sadaka hata moja. Waliijenga kwa kuogopa. Waliogopa kwamba kesho na kesho kutwa watoto wa upande huu watawaambia watoto wa upande ule: ninyi hamna fungu kwa Bwana, mto umetutenganisha. Basi madhabahu ilikuwa mfano tu, shahidi wa kusimama pale mtoni na kusema kwamba wa huku na wa huko ni watu wamoja. Kile kilichoonekana kama kujitenga kilikuwa kilio cha watu wasiotaka kutengwa.

Wapendwa, sasa tunakuja kwetu.

Hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa Kisangani. Lipo la mto Tshopo, lakini mtu anayetaka kwenda komini ya Lubunga anapanda mtumbwi ao mashua, analipa, na anamwomba Mungu mvua isikutane naye katikati. Komini tano ziko huku, moja iko kule. Reli ya kwenda Ubundu inaanzia kule, kilomita 125 za reli iliyojengwa zamani za wakoloni kwa kuruka maporomoko. Na njia ile tusiisahau, maana ni njia ya wazee wetu. Wale waliofukuzwa kwao Kongo ya Chini kwa sababu ya imani, baada ya Papa Simon Kimbangu kufungwa mwaka 1921, walitupwa sehemu nyingi za nchi, na wengine wao waliwekwa Lowa, juu ya Ubundu, kwenye kambi ya kazi. Ili kufika Lowa ilipasa kupanda mto mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani hii, kisha reli ya ukingo wa kushoto mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu, kisha chombo tena. Kwa hiyo kabla ya Lubunga kuwa na paruasi, kabla sisi wenyewe kuwa na hata ukuta mmoja, miguu ya mashahidi ilishapita kwenye udongo wa Lubunga. Tunasema hivi kwa wale kati yetu waliozoea kuita paruasi ya ng'ambo "watoto wetu". Nani mtoto wa nani?

Na wale waliofukuzwa, walifika kati ya watu wasiojua luga yao. Walikula kwa nani siku za kwanza? Nani aliwaonyesha namna ya kulima udongo wa huku? Majirani. Wakoloni walitaka kuzima moto, wakachukua makala yenye moto wakayatupa huku na huku, na kila kaa lilipoanguka lilikuta kuni za watu wengine. Ndiyo namna Kanisa lilivyotoka katika luga moja na kuingia katika luga zote za nchi.

Tukumbuke tena jambo la pili, ambalo vijana wa leo wanalisikia tu. Tarehe 5 Juni 2000, siku ya kwanza ya juma, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalianza kupigana katika mji wetu, na hayakunyamaza mpaka tarehe 10. Siku sita. Makombora zaidi ya elfu sita yalianguka juu ya nyumba za watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Mamia ya watu walikufa. Umeme ukakatika, maji yakakatika, na watu walizika maiti katika viwanja vyao. Sisi wa paruasi hii tulilala siku mbili chini ya vitanda. Kiisha wale waliopata mtumbwi walivuka, na wenzetu wa ng'ambo waliwapokea.

Hebu tuseme ukweli jinsi walivyotupokea. Nyumba yao ya maombi wakati ule ilikuwa ya udongo, imeezekwa majani ya ndele. Walitoa mabenchi nje ili watoto wetu walale ndani. Waligawa makemba waliyokuwa nayo, wakatwanga lituma mara moja kwa siku, na mara ya kwanza walikula wageni. Mama mmoja wa kwao alifungua kikwembe chake cha ibada, kile cha nguo nyeupe na kijani, akamfunikia mtoto wetu mwenye homa, na kikwembe kile hakikurudi tena kuwa cheupe. Jirani yao, mama Mkatoliki, alileta sufuria kubwa mbili. Mtu wa kanisa lingine la Kiprotestanti alileta chumvi. Hakuna aliyeuliza kadi ya ubatizo.

Bunduki zilinyamaza siku ya posho. Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu tarehe 11, na ile ilikuwa siku ya Pentekoste. Hatukuwa tumepanga. Fanfari yetu ilikuwa imebaki huku ng'ambo, ngoma zimetobolewa na vipande vya kombora, tutakuja kujua baadaye. Wao walikuwa na filimbi nne tu, na moja ina ufa. Kwa filimbi zile nne tulisali pamoja, watu wa paruasi mbili, na Wakatoliki wale, na watu wa soko ambao hatukuwajua, wote miguu mitupu katika matope ya kiwanja. Pasta wao alisoma Matendo ya Mitume sura ya 2, pale wote walipokuwa mahali pamoja, na hakuhubiri. Alifunga kitabu akalia. Sisi ambao tulikuwako, hatujasikia mahubiri makubwa kuliko yale.

Basi, watu waliopokelewa hivyo, je, waliwalipa nini wenzao?

Tunaandika sehemu hii kwa haya. Halmashauri ilijadili kama ifaa kuitia katika gazeti, na wengine walisema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Lakini watu wa ng'ambo wanayajua, watoto wetu wanayajua, hata watu wa toleka wanaosubiri abiria mbele ya mlango wetu wanayajua. Kubaki sisi tu kujifanya hatuyajui, hiyo ingekuwa nini?

Kila mwaka, tarehe 6 Aprili, sikukuu ya kuanza kwa kazi ya Papa Simon Kimbangu kule Nkamba, wenzetu walikuwa wanavuka kuja kusali kwetu, maana nyumba yetu ilishakuwa kubwa, ya matofali na mabati. Mwaka 2017 walivuka kama kawaida. Siku ile kulikuwa na nsinsani. Ninyi wote mnajua nsinsani: ni mashindano ya furaha, mapapa upande mmoja, mamama upande wa pili, vijana, kwaya, kila kundi likicheka na kulizidi kundi jingine kwa ajili ya kazi ya Mungu. Lakini mwaka ule mtu wa kwetu alipanga kundi "la huku" na kundi "la ng'ambo". Na feza za ng'ambo zilipohesabiwa, zikatangazwa kwa mikrofoni, watu wa kwetu walicheka. Hawakucheka kile kicheko cha nsinsani. Tunajua tofauti. Na ilipofika jioni mvua ilikuwa imetanda, tukawaaga kwa nyimbo nzuri, tukafunga mlango, na hakuna hata papa mmoja wa kwetu aliyewasindikiza mpaka kivukoni. Walivuka katika giza. Katikati ya mto mtumbwi uliingia maji, mama mzee mmoja akaanguka, na kama wapiga makasia hawangekuwa Wagenia, watu wanaoujua mto kama mkono wao, tungekuwa tunaandika mambo mengine.

Na sisi hatukujua. Hiyo ndiyo iliyo mbaya zaidi. Miaka miwili hatukujua.

Mwaka 2018 tarehe 6 Aprili hawakuja. Mwaka 2019 hawakuja tena, na tulisikia kwamba wamejenga tao la majani ya ngazi mbele ya nyumba yao na wanafanya sikukuu yao wenyewe. Hapo tulifanya sawasawa na Shilo, tena tulishindwa na Shilo. Tulisema: wamejitenga. Tulisema: wana kiburi. Mmoja alisema wameanza kufuata mafundisho mengine. Tukaandika barua, yenye muhuri, na katika barua ile neno "uasi" liliandikwa mara tatu. Finehasi alivuka mto na miguu yake mwenyewe; sisi tulituma karatasi.

Jibu lilikuja kwa kinywa cha mzee wao mmoja. Alikuja peke yake, akakaa, akanywa maji, akasema tu: mapapa, mje mtuone. Tukatuma watu sita, mapapa watatu na mamama watatu. Maji yaliingia mtumbwini, viatu vikalowa, wakavivua. Ninyi mnajua kwetu kuvua viatu maana yake nini. Walifika kwa wenzao miguu mitupu, na wakati walipokaribia nyumba ile waliona lile tao. Juu yake kulikuwa na kibao, na kwenye kibao yaliandikwa majina mawili: la paruasi yao na la paruasi yetu.

Wasomaji wa Yoshua 22, mnaona?

Wakawaeleza. Walisema wazee wao wameogopa kuvuka tangu siku ya maji. Walisema watoto wao walirudi ile siku wakiuliza kwa nini walichekwa. Walisema hawakutaka watoto waendelee kuuliza, lakini pia hawakutaka watoto wasahau kwamba wana ndugu ng'ambo, kwa hiyo wakaandika majina mawili. Mama yule aliyeanguka mtoni alikuwako. Mamama wetu watatu walipiga magoti mbele yake. Hatutaandika kila kitu kilichosemwa pale. Barua ile ilirudishwa na kuchomwa, na mzee wao alisema majivu yake yatupwe mtoni.

Tangu hapo tulipanga kwamba mwaka mmoja wanavuka wao, mwaka mmoja tunavuka sisi. Ugonjwa wa Corona ulifunga makanisa yote mwaka 2020, lakini mwaka 2021, miaka mia moja tangu 1921, tulivuka sisi, na fanfari nzima. Kupakia tuba kwenye mtumbwi si jambo la mchezo.

Mwaka uleule wa 2021 ilisikika habari nyingine: Baraza la Makanisa la Ulimwengu, lililotupokea mwaka 1969 kule Canterbury katika Uingereza, lilimaliza uanachama wa Kanisa letu kwa sababu za mafundisho. Wengine kati yetu waliumia sana, na wengine walianza kuwatazama Waprotestanti wa mtaa kwa jicho baya. Jambo lile lina wakubwa wake, wa huku na wa huko, na si kazi ya gazeti la paruasi kulikata. Lakini jirani yetu aliyeleta chumvi mwaka 2000 hakuketi katika mkutano ule. Yeye bado anapita kila asubuhi mbele ya mlango, na salamu yake ni ileile. Ikiwa kanisa lao linapata msiba, tutabeba viti kama zamani. Ikiwa wanatualika kwenye mkesha wa kuombea mji, tutakwenda, na tutaimba nyimbo zetu huko kama wanavyoziomba. Sisi hatuoni sababu ya kuacha.

Tufike sasa kwenye jambo lenyewe la leo.

Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola umechoma vijiji vya ukingo wa kushoto, na moto ulifika mpaka katika komini ya Lubunga. Watu wengi walikufa. Maelfu walikimbia, wengi wakavuka kuja huku, na wengine wakabaki Lubunga ileile, katika masomo, katika makanisa, chini ya miti. Nyumba ya wenzetu ilijaa. Watu walewale waliotoa mabenchi nje mwaka 2000 walitoa mabenchi nje tena. Na safari hii ugumu ni mkubwa zaidi, maana katika paruasi yao wako Wambole na wako Walengola. Waliimba kwaya moja. Kuna siku katika mwaka 2023 ambapo upande mmoja wa benchi ulikuwa mtupu, na siku iliyofuata upande wa pili ulikuwa mtupu, kwa sababu kila upande ulimwogopa mwingine njiani.

Sisi tulifanya nini? Tulituma mchele mara mbili, mafuta mara moja, nguo. Tunashukuru wote waliotoa. Lakini mzee wa ng'ambo alituambia neno ambalo halitoki katika masikio yetu. Alisema mchele ulifika vizuri, lakini mchele hauwezi kuketi kwenye benchi tupu.

Tulilifikiri neno hilo muda mrefu. Maana yake ni wazi. Kuna wakati ambapo ndugu wawili waliogombana hawawezi kukaa pembeni kwa pembeni, lakini wanaweza kukaa kama katikati yao ameketi mtu wa tatu. Paulo alipowaandikia Wakorintho katika barua ya pili, sura ya 8, juu ya changizo la watakatifu wa Yerusalemu, aliwaeleza kwamba wingi wa mmoja ufike kwenye upungufu wa mwingine, na siku nyingine itageuka. Tunapenda kusoma hayo kwa ajili ya feza. Lakini kuna upungufu wa watu pia. Sisi tuna watu. Tuna kwaya tatu zinazogombania zamu ya kuimba. Tuna vijana wa fanfari wanaolalamika kwamba hawapati nafasi. Wenzetu wana benchi tupu katikati ya watu wanaoogopana.

Nendeni mkawatazame Wagenia kwenye maporomoko. Kila jamaa ina mitego yake, na samaki aliyeingia katika mtego ule ni wa jamaa ile, hakuna ubishi. Lakini zile nguzo kubwa zilizosimamishwa kati ya mawe, zilizofungwa kwa kamba za porini, zinazobeba mitego ya wote, haziwezi kusimamishwa na jamaa moja. Maji yakipanda na kung'oa nguzo ya jirani, mtego wako pia unakwenda na maji. Kwa hiyo mtu haulizi nguzo ile ni ya nani. Anashika kamba.

Basi halmashauri, pamoja na wakatekisti na viongozi wa makundi yote, iliamua hivi. Siku ya kwanza ya Mungu ya kila mwezi, nyumba yetu itafungwa. Tutavuka wote wenye nguvu, tutasali ng'ambo. Hatutakwenda kama wageni wa heshima. Kwaya zitagawanyika, sauti zitachanganywa na za kwao, na kila mtu wa kwetu atakaa pale atakapoonyeshwa, katikati ya watu. Wazee na wagonjwa watasali huku na pasta msaidizi. Sadaka yote ya siku ile itabaki kule na haitatangazwa kwa sauti. Nsinsani haitafanyika siku ile, na ikifanyika siku nyingine ya pamoja, makundi yatakuwa ya mapapa, mamama na vijana, kamwe si ya ukingo na ukingo.

Kuna waliouliza: na kama huko kuna hatari? Swali ni la haki. Tumezungumza na wakubwa wa komini na wazee wa ng'ambo, na kila juma kabla ya kuvuka tutapokea neno kutoka kwao. Wakisema msije, hatutakwenda, na tutasali huku saa ileile tukijua nao wanasali. Hatutaki mtu awe shujaa. Kuna wengine waliouliza kama wenzetu nao watakuja kwetu. Watakuja tarehe 6 Aprili ya zamu yao, siku ambayo tangu mwaka 2023 ni ya mapumziko kwa taifa lote, na safari hii watasindikizwa mpaka wakanyage ukingo wao.

Na kuna mmoja, kijana, aliyeuliza katika mkutano mbele ya watu wote: kama watu wa ng'ambo wangekuwa hawakutupokea mwaka 2000, tungevuka? Mkutano ulinyamaza. Tunamshukuru kwa swali lake, na hatukuwa na jibu zuri. Mama mmoja tu, wale waliolala chini ya vitanda, alisema: mwanangu, lakini walitupokea.

Safari ya kwanza ni siku ya kwanza ya Mungu ya mwezi unaokuja. Kukutana ni saa kumi na mbili asubuhi kwenye kivuko, si saa moja. Mashua mbili zimekodiwa, na nauli imelipwa na kikundi cha mamama. Mtu asilipe mara ya pili. Watoto walio chini ya miaka kumi wavuke na mzazi, na kila mwenye koti la kuogelea alilete, hata kama limechakaa. Fanfari ilete ngoma ndogo na tarumbeta tu, tuba ibaki. Mamama wa jikoni wamesema chakula kitapikwa kule kule, katika sufuria za kule, kwa hiyo tulete makemba, sombe, chumvi na makala. Kila mtu avae nguo ya ibada, na alete kikwembe kimoja safi cha ziada cha kuacha huko. Aliyefunika mtoto wetu mwaka 2000 bado yu hai, na anakaa nyumba ya tatu nyuma ya tao.